Mtunzi Naye Mwizi: Kisa cha Kompyuta Yangu Huko Eldoret

Mtu wa Pwani akipanda Eldoret hana budi kuchukua koti. Mji ule uko juu, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na ikifika magharibi baridi yake humwingia mgeni hata mifupani. Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 nilikwenda huko kumzuru dada yangu, ambaye mumewe ana duka la nguo mjini. Nilichukua koti, nikachukua na laptopu yangu kuukuu ambayo ndani yake mna tungo zangu za miaka mingi. Koti lilinifaa. Laptopu ndiyo iliyonitia mashakani, na mashaka hayo ndiyo ninayotaka kumsimulia msomaji leo, maana najua si mimi peke yangu niliyeyaingia.

Kila nilipoiwasha, maandishi yalitokea kunijulisha kwamba mfumo wangu, Windows 10, umefikia mwisho wa kuhudumiwa. Mfumo wa uendeshaji, kwa asiyeujua, ndio programu kubwa inayoamka mtu anapoiwasha kompyuta, na ndio unaozisimamia programu nyingine zote. Ni kama serahangi chomboni. Nahodha hatweki tanga kwa mkono wake. Humwambia serahangi, naye serahangi huwapa mabaharia kazi. Serahangi akiwa mzembe au mwizi, nahodha hata awe hodari vipi, chombo hakifiki salama.

Windows 10 ilitolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ikaacha kuihudumia. Kompyuta hazikufa siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kuandika kama jana yake. Lakini nyufa zitakazogunduliwa ndani ya mfumo baada ya hapo hazina tena wa kuziziba, na wezi wa mitandaoni hawachelewi kuzijua. Kwa wenye kutaka muhula, Microsoft iliongeza mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026.

Anayetaka kuhamia Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, huambiwa aitazame mashine yake kwanza. Iwe na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, kidude cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo, isipokuwa chache, huanza na kizazi cha nane. Yangu ilikuwa ya kizazi cha tano. Kibodi nzima, kioo safi, betri bado yapumua, lakini imekataliwa mlangoni.

Ile ya kawaida

Mpwa wangu, binti wa dada, anasoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Moi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa fundi mmoja, kijana mpole wa Kikalenjin, mwenye kibanda kando ya ile barabara kuu iendayo Uganda. Fundi akaiwasha laptopu, akaandika maneno mawili matatu, kisha akanitazama.

"Mzee, hii Windows uliwekewa na nani?"

Nikamwambia niliwekewa na fundi wa Mombasa, miaka sita nyuma, kwa shilingi mia tano.

"Basi haina leseni, mzee. Imevunjwa kufuli. Lakini usijali, naweza kukuwekea Windows 11 nikairuka hiyo TPM. Unataka ile ya kawaida, au ile ya leseni?"

Nikamwuliza tofauti ni nini. Akatabasamu, akasema ile ya kawaida ni mia tano, na ile ya leseni ni maelfu. Na kweli si bei ndogo: kwa Marekani yenyewe leseni ya Windows 11 ya nyumbani imekuwa ikiuzwa yapata dola 139, na kwa fedha yetu hizo ni shilingi zinazoweza kumlipia mtu kodi ya chumba miezi kadhaa.

Namwomba msomaji asimame nami hapo kidogo. Neno "kawaida" katika lugha yetu ni neno safi. Ni ada, ni desturi, ni jambo ambalo watu wamelikubali. Sasa wizi umezoeleka hata ukapewa jina hilo, na aliyenunua kwa haki ndiye anayeonekana mtu wa ajabu.

Nilimwambia fundi nitarudi. Usiku ule, tulipokuwa tukila, mpwa wangu akaniuliza kwa adabu zake zote, "Mjomba, si wewe uliyeandika gazetini kwamba waimbaji wanachukua mashairi yako bila idhini?"

Ni kweli niliandika. Katika harusi moja nilisikia utungo wangu ukiimbwa, na nilipouliza mtunzi ni nani, nikatajiwa jina la mtu mwingine. Niliandika kwa uchungu, nikauita wizi wa mchana. Na malalamiko yale yote niliyaandika juu ya Windows iliyochukuliwa bila ya idhini ya mwenyewe. Tonge lilinikwama kooni.

Wala msomaji asinambie kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeitia programu ya kompyuta katika fungu la kazi za maandishi, fungu lile lile lililo na hadithi na mashairi. Mbele ya sheria, aliyetunga Windows na aliyetunga tarbia ni ndugu. Na kwa upande wa dini yetu, Majmaa ya kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, ilikata shauri kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali yenye kulindwa kisharia, na haijuzu kuzivamia. Wako wanaosema kampuni ile ni tajiri, haitahisi. Nami nawajibu kwamba utajiri wa mwenye mali haujapata kuwa ruhusa ya kumwibia.

Isitoshe, kitu cha wizi kina hatari zake. Mara nyingi anayevunja kufuli ya programu huanza kwa kuuzima ulinzi wa kompyuta, na mlango uliovunjwa kwa ajili ya mmoja huwa wazi kwa wote. Mimi yalinifika. Katika kompyuta yangu ya kabla ya hii, virusi viliingia vikayafungia mafaili yangu, na tungo arubaini na moja zikapotea nisizione tena. Wakati ule nilivilaani virusi. Sikujiuliza nani aliyevifungulia mlango.

Watu wanne, meza moja

Siku ya pili, baada ya chai, tuliketi mezani kila mtu na haja yake. Tulianza na kazi kabla ya majina ya mifumo. Hili ndilo funzo la kwanza nililolipata Eldoret: asiyejua kazi yake atachaguliwa mfumo na muuzaji.

Shemeji yangu huweka hesabu za duka katika programu ya uhasibu ambayo hufanya kazi katika Windows tu, na ana printa ya risiti iliyofungamana nayo. Mashine yake ni mpya, imekuja na Windows 11 yenye leseni kutoka kiwandani. Kwake hapakuwa na mjadala. Abaki alipo, kwani kuhama kungemgharimu zaidi ya kukaa.

Mpwa wangu huchora majengo kwa AutoCAD, ambayo wenyewe huwapa wanafunzi bure kwa masomo. Programu hiyo huendeshwa katika Windows na katika kompyuta za Apple, na haina toleo la Linux. Naye akabaki na Windows 11, ya halali, iliyokuja na mashine yake.

Dada yangu hana makuu. Huzungumza na jamaa zetu wa Maskati kwa video, husikiliza visomo, na hutazama mapishi. Yote hayo hupita katika kivinjari cha intaneti. Mtu wa namna hiyo anaweza kutosheka na Chromebook, kompyuta nyepesi zenye mfumo wa Google, zilizoanza kuuzwa mwaka 2011. Haziingiliwi na virusi kwa urahisi, na mtu mzima hujifunza kuzitumia kwa siku moja. Ila zina mambo mawili. Intaneti ikikatika, nusu ya faida yake hukatika nayo; na kila moja ina tarehe ya kukoma kuhudumiwa, ambayo kwa za miaka ya karibuni ni miaka 10 tangu aina hiyo ilipotoka. Anayenunua ya mitumba aiulize tarehe hiyo kabla ya kutoa pesa, kama anunuavyo dawa.

Alikuwapo pia jirani wa shemeji, aliyekuja kunywa chai, akaisifu MacBook yake mpaka kikombe kikapoa. Sikumkatalia. Mfumo wa Apple huja na mashine yake pasi na malipo mengine, na umetengenezwa kwa uangalifu. Lakini hauhamishwi: Apple haimruhusu mtu kuutia katika kompyuta isiyo yake. Na wanaozikimbilia MacBook za mitumba, zile ambazo wauzaji huziita "ex-UK", wajue jambo hili. Tangu mwaka 2020 Apple ilianza kuziacha prosesa za Intel na kutumia zake yenyewe, na mfumo wake wa mwaka 2025, macOS Tahoe, ulitangazwa kuwa wa mwisho kukubali mashine za Intel. Nyingi za bei rahisi ni hizo hizo.

Nikabaki mimi. Kazi yangu ni kuandika, kusoma, kupokea barua na kuzijibu. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, wewe ni mtu wa Linux, ila hujijui."

Kisima cha wakfu

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Ufini, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Kabla yake, mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ametangaza kazi ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuunakili na kuurekebisha. Kazi hizo mbili zikakutana. Leseni inayoilinda Linux humruhusu mtu kunakili na kumpa mwenziwe, kwa sharti kwamba anayeigawa asiwafungie wengine mlango aliofunguliwa yeye. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka visima vya wakfu katika miji yetu. Mwenyewe amekitoa, kila apitaye huteka, na hapana mwenye haki ya kukitia kufuli.

Linux ina matoleo mengi. Lijulikanalo zaidi kwa kompyuta za nyumbani ni Ubuntu, lililotoka mwezi wa Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina hilo ni la lugha za Wanguni, na msomaji hahitaji kamusi: ubuntu ni lile lile neno letu, utu. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, waliwapelekea watu santuri za mfumo huo kwa posta, bure, popote walipo. Kutokana na Ubuntu lilitoka Linux Mint, mwaka 2006, ambalo sura yake haimshtui mtu aliyezoea Windows. Hilo ndilo alilonichagulia mpwa wangu, kwa sababu laptopu yangu ina gigabaiti 4 za kumbukumbu, na Mint huridhika na hizo.

Uzuri mmoja ni kwamba mtu anaweza kuionja kabla ya kuinunua, ingawa hainunuliwi. Mpwa wangu aliitia katika flashi, akaiwasha laptopu kutoka humo bila ya kugusa kilichomo ndani. Tukajaribu kimoja kimoja. Intaneti ikashika. Sauti ikatoka. Nikaongeza kibodi ya Kiarabu, kwani tungo za marehemu baba ninazinakili kwa hati za Kiarabu alizoziandika, na herufi zetu za ziada, kama zile za pa, cha na va, zikatokea bila ya kukatika. Hilo Windows nayo hulifanya, lazima niseme haki.

Lakini si yote yaliyokwenda vyema. Printa ya shemeji ilikataa kunijibu, na ilimchukua mpwa wangu nusu saa kuipatanisha. Kisha nikaufungua mswada wa diwani yangu, nilioupiga kwa Word, katika LibreOffice, ambayo ndiyo programu ya kuandikia inayokuja na Mint. Beti zilifunguka, ila vipande vyake vilikuwa vimeyumba. Vina vya kati, nilivyovipanga kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi, vilikwenda huku na huku kama safu ya wacheza ngoma waliopotezwa na mpigaji. Sababu ni kwamba aina ya herufi niliyotumia haikuwamo, ikawekwa nyingine yenye upana mwingine. Dawa yake ni kupanga vipande katika jedwali badala ya nafasi, na kazi ikishakamilika kuihifadhi pia kwa PDF, ambayo haisogei. Ilinichukua siku mbili kurekebisha. Anayemwambia mtu kwamba kuhamia Linux hakuna taabu, anamdanganya.

Na Kiswahili je? Hapo pana sifa ya kugawana. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliitafsiri OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, ukaiita Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Microsoft nayo ikatangaza kazi ya kuifanya programu yake izungumze Kiswahili, na baadaye ikatoa vifurushi vya lugha yetu. Ubaya ni wetu. Kompyuta nyingi nilizoziona, Pwani na Bara, bado huzungumza Kiingereza, kwa kuwa hatujawahi kuziuliza kama zajua kingine.

Funzo la Mosoriot

Kabla sijaamua, mpwa wangu alinisimulia habari ya hapo hapo, ambayo iliukata ubishi uliobaki moyoni mwangu. Katika njia iendayo Kapsabet kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa wa kituo kile katika kompyuta, kwa programu ya Microsoft Access. Ilifaa kwa kituo kimoja. Lakini ukimwi ulikuwa umeshika, wagonjwa wakawa maelfu, kliniki zikaongezeka, na chombo kile kikawa kidogo kwa shehena.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa Kimarekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret wakaiona hali hiyo, na hapo likazaliwa wazo la OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitengeneza apendavyo, na ambayo huendeshwa katika Windows au katika Linux. Mwezi wa Februari 2006 ikaanza kutumika Eldoret, na tangu hapo imekwenda katika nchi nyingi duniani.

Kilichonigusa ni hiki. Chombo kilibadilishwa, na kumbukumbu za wagonjwa hazikubaki nyuma. Ziliweza kushushwa katika dau dogo zikapakiwa katika jahazi kubwa. Kama zingalifungiwa, mgonjwa angaliulizwa upya dawa anazokula kana kwamba hajapata kuonwa. Basi swali la kumwuliza anayetuuzia mfumo wowote si uzuri wake tu. Tumwulize pia: nikitaka kuondoka kesho, nitatoka na vyangu?

Nilichoamua

Siku ya nne nilirudi kwa yule fundi. Kwanza tulinakili tungo zote katika diski mbili, moja nikaiacha kwa dada, nyingine nikaitia mkobani. Kisha nikamwambia aifute Windows ile na kutia Linux Mint. Akashangaa kidogo, lakini kazi aliijua. Alipomaliza akaniomba shilingi mia tano.

Ilikuwa bei ile ile ya fundi wa Mombasa. Safari hii nililipia jasho la aliyefanya kazi, nikajua kwamba ndani ya fedha ile hamna haki ya mtu mwingine.

Simwambii msomaji aige nilivyofanya. Shemeji na mpwa wangu wamebaki na Windows yao, na wamefanya sawa. Aliye na Windows 10 aitazame mashine yake: ikiwa yakubali Windows 11 na leseni yake ni ya halali, kuhama ni bure. Ikiwa yakataa, asikimbilie kununua nyingine kabla ya kuonja Linux kutoka katika flashi kwa siku mbili tatu. Na kila mmoja, awe na mfumo gani, anakili vyake kwanza, kabla fundi hajagusa kitu.

Diwani yangu sasa imekaa sawa, kila kina mahali pake. Nikisikia tena utungo wangu ukiimbwa kwa jina la mtu, nitalalamika kama zamani, na safari hii nitakuwa na uso wa kulalamikia. Nami nafunga kwa ubeti mmoja niliouandika kule kule Eldoret, nikiwa nimevaa koti:

Nyumba si mlango wake, nyumba ni walio ndani,
Usifuate sifake, pima hali mfukoni,
Mpe mtu haki yake, usichukue pembeni,
Nakala zako ziweke, zisibaki hatarini.